Namba ya Simu Kwenye Barua ya Februari

Avril Crowther aliingia ofisi ya Holroyd na Sugden, mawakili wa Halifax, mwaka 1969, akiwa na miaka kumi na saba na vidole vyepesi. Kazi yake ilikuwa kupiga chapa. Alipiga chapa wosia, hati za nyumba, madai ya talaka na maelezo ya watu walioumia viwandani, mwaka baada ya mwaka, mpaka ikafika mahali akawa anaijua sheria bila mtu yeyote kugundua kwamba anaijua, hata yeye mwenyewe.

Aliyegundua ni Bwana Lister Holroyd. Siku moja alikuwa akimsomea barua ya kuandika, na Avril akasita katikati ya sentensi.

"Kuna nini?" aliuliza Holroyd.

"Hakuna kitu, bwana. Ila notisi hiyo ni ya siku ishirini na nane, siyo kumi na nne. Walibadilisha."

Holroyd alivaa miwani, akaenda kwenye kabati la vitabu, akasoma, akarudi kuketi taratibu. "Nani alikwambia?"

"Wewe. Uliniandikisha barua ya kwenda Bradford mwezi wa tatu."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Wiki hiyohiyo alimwekea mezani fomu za chuo cha jioni, na alipomwona anazitazama kama mtu aliyepewa nguo isiyo ya saizi yake, akamwambia, "Jaza, Avril. Nimechoka kusahihishwa na mtu ninayemlipa mshahara wa mpiga chapa."

Ndivyo alivyoanza. Miaka saba alisoma jioni na kwa posta, akifanya mitihani na vijana wa umri wa mpwa wake. Mumewe Trevor, aliyekuwa akisambaza barua upande wa Sowerby Bridge, alijifunza kupika viazi na kunyamaza. Alimwita "mheshimiwa", na akimkuta amesinzia juu ya kitabu alimwondolea kalamu mkononi asije akajichora uso. Mitihani ilipokwisha kukawa na kitu kimoja kilichobaki: miaka miwili ya kufanya kazi kama mwanafunzi chini ya wakili wa ofisini aliyekomaa, ambaye mwisho wake angetia sahihi fomu ya kuthibitisha kwamba huyu amefunzwa vizuri na ni mtu wa kuaminika. Bila sahihi hiyo jina lake lisingeingia kwenye orodha ya mawakili. Sugden alikuwa amebaki jina la mlangoni tu, kwa hiyo hakukuwa na shaka ni nani atakayemfundisha.

Na Holroyd alimfundisha kweli. Alimfundisha kukaa na mteja aliyefiwa bila kumharakisha. Alimfundisha kutofautisha jambo analolijua na jambo analolidhani. Zaidi ya yote alimfundisha habari ya tarehe. Kwenye meza yake palikuwa na daftari kubwa jekundu lenye tarehe ya mwisho ya kila kesi, na kila Januari alizihamisha kwa mkono wake mwenyewe kutoka daftari la zamani kwenda jipya. "Mteja anaweza kukusamehe ukishindwa kesi," alikuwa akisema. "Ukisahau tarehe, hakusamehe, na ana haki asikusamehe." Mwaka 1994, alipochaguliwa kuwa mwenyekiti wa mawakili wa wilaya, alitoa mhadhara mzima juu ya jambo hilo, na vijana wa ofisi nyingine walikuja na kalamu kuandika.

Oktoba 1995 Avril alikuwa amebakiza wiki nne. Jumatano moja Holroyd alimpa faili la Derrick Womersley alitayarishe kwa ajili ya wakili wa mahakamani kule Leeds.

Womersley alikuwa fundi wa kiwanda cha mazulia. Juni 1991 mashine isiyo na kinga ilimkata vidole vitatu vya mkono wa kulia. Sheria ilimpa miaka mitatu kufungua madai. Madai yalifunguliwa Oktoba 1994, miezi minne baada ya muda kwisha, na mawakili wa kiwanda walikuwa wamekwisha kusema mlango umefungwa. Kilichobaki kilikuwa kumwomba jaji aufungue kwa huruma, na jaji angeuliza kwanza: kuchelewa huku kulikuwa kosa la nani?

Avril alikuwa amesimama kwenye mashine ya fotokopi, anaweka karatasi moja baada ya nyingine, alipofika kwenye nakala ya barua ambayo hakuwahi kuiona. Ilikuwa ya tarehe kumi na nne Februari 1994, kutoka kwa Holroyd kwenda kwa Womersley. Ilimwambia kwamba muda wake utakwisha Juni, kwamba ni lazima atoe idhini ya kufungua kesi, na kwamba asipojibu, ofisi itachukulia hataki kuendelea.

Aliisoma mara mbili. Hakuona kosa katika maneno. Yalikuwa maneno ya Holroyd, safi kama kawaida. Alipoinua karatasi aiweke kwenye kioo ndipo macho yake yalipopita juu, kwenye kichwa cha barua, kwenye jina la ofisi na anwani na namba ya simu.

Namba ilianza na sifuri, kisha moja.

Nchi nzima ilikuwa imeongezewa hiyo moja katika namba za simu mwaka uleule wa 1995. Avril mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa mchapishaji mwezi wa nne kuagiza karatasi mpya, na ndiye aliyebeba maboksi kupanda ngazi. Februari 1994 karatasi hiyo haikuwapo duniani.

Mashine iliendelea kuvuma. Avril alisimama hapo mpaka Nora wa mapokezi akamwuliza kama imekwama tena.

"Haijakwama," alisema Avril.

Jioni hiyo alimweleza Trevor, bila kutaja jina la mteja, maana hata mezani kwake kulikuwa na mambo yasiyo yake kuyatoa. Trevor alisikiliza huku akikata pai ya nyama vipande viwili visivyolingana, akampa kikubwa.

"Labda aliichapisha upya," alisema. "Nakala ilipotea, akaitoa nyingine."

"Kwenye nini? Kompyuta zimeletwa mwaka huu. Mwaka jana kila barua ilipigwa kwa mashine, na nakala ya kaboni inabaki. Nimeangalia kaboni za Februari yote. Haimo."

"Basi ulikwisha kuangalia."

"Nilikwisha."

Trevor alitafuna kwa muda. "Wiki nne, Avril."

"Najua kuhesabu."

"Sisemi hujui. Nasema yule mzee ndiye aliyekutoa kwenye taipureta. Mwulize kwanza. Huenda ana maelezo."

"Nikimwuliza kwanza, barua itatoweka. Au haitatoweka, na mimi nitakuwa nimekaa nayo. Hujui alivyo mzuri wa kueleza, Trevor. Atanieleza mpaka nikubali."

Hakuwa na hasira alipokuwa akisema hivyo. Kilichomtisha ni kwamba alitamani sana kuelezwa.

Ijumaa alipanda treni ya Leeds pamoja na Derrick Womersley. Alikuwa mtu mnene, mpole, wa miaka hamsini na moja, aliyevaa suti ya harusi ya binti yake na kuuficha mkono wa kulia mfukoni. Holroyd alikuwa amesema ana miadi mingine. Mwanafunzi angetosha kuandika kumbukumbu.

"Nieleze, bibie," alisema Womersley treni ilipotoka Bradford. "Mawakili wawili wa nini? Mkono wenyewe nilioumia ni mmoja."

Avril alicheka licha ya moyo wake. "Sisi wa ofisini ndio unaokuja kwetu. Tunakusikiliza, tunakusanya karatasi, tunaandika barua. Yeye ni wa mahakamani. Anavaa wigi na kusimama mbele ya jaji. Wewe humwendei mwenyewe, unapelekwa na sisi."

"Kama fundi bomba anayemwita fundi umeme."

"Karibu hivyo. Tofauti ni kwamba huyu, ili apewe kibali, ilibidi aende London akale chakula cha jioni mara kadhaa na mawakili wakubwa."

"Wanapewa mtihani wa kula?"

"Wana mitihani mingine pia."

"Huo wa kula ningeufaulu," alisema Womersley, kisha akatazama dirishani. "Bwana Holroyd mtu mzuri. Miaka minne hii kila nikipiga simu ananiambia, tulia Derrick, mahakama ndizo zinazochelewa. Nami nimetulia."

Mkoba uliokuwa na barua ulikuwa mapajani mwa Avril, na aliushika kwa mikono miwili mpaka Leeds.

Wakili wa mahakamani aliitwa Imogen Thwaite. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, sauti ya chini, na chumba kidogo kilichojaa majalada yaliyofungwa kwa utepe wa rangi ya waridi. Alimkaribisha Womersley chai, akamwuliza habari za mkono kabla ya habari za kesi, akamwacha aeleze ajali kwa mwendo wake. Kisha akaichomoa ile barua.

"Bwana Womersley, hii barua ya Februari mwaka jana. Ulipoipata ulifanya nini?"

Womersley aliisogeza karibu na uso. Alisoma midomo ikicheza. "Sijawahi kuipata hii."

"Una uhakika? Jaji atakuuliza, na atakuuliza kwa ukali kuliko mimi. Barua hii inasema ulionywa ukanyamaza. Ikiaminika, kosa la kuchelewa ni lako."

"Mama, mimi barua za mawakili naziweka kwenye mkebe wa biskuti. Zote. Mke wangu anaweza kuja kukwambia. Ningepata hii ningetembea kwa miguu mpaka ofisini." Alimgeukia Avril. "Mweleze, bibie. Si mngekuwa mmenipigia simu?"

Thwaite naye alimtazama Avril. Hakuwa na haraka. "Bi. Crowther? Unajua lolote kuhusu barua hii?"

Baadaye Avril alijaribu mara nyingi kukumbuka alichokiwaza wakati ule, na hakukumbuka wazo lolote kubwa. Alikumbuka kwamba mkono wa Womersley ulikuwa umetoka mfukoni, uko juu ya meza kando ya kikombe, na kwamba mwenye mkono alikuwa anamngojea aseme kweli bila kushuku kwamba angeweza kusema kitu kingine.

"Karatasi hiyo ilichapishwa mwezi wa nne mwaka huu," alisema. "Niliiagiza mimi. Tazameni namba ya simu."

Thwaite alitazama. Kisha akafunga kalamu yake, akailaza juu ya jalada.

"Bwana Womersley," alisema, "sitakuuliza swali jingine leo. Unahitaji wakili mpya wa ofisini, na unamhitaji wiki hii. Asiwe mtu wa Holroyd. Mwambie yote uliyoniambia, na mwambie kwamba nimerudisha karatasi hizi kwa sababu ofisi yako na wewe hamko tena upande mmoja."

"Sielewi," alisema Womersley.

"Utaelezwa na mtu ambaye kazi yake ni wewe tu. Na jambo moja la kukuondoa wasiwasi: hukufanya kosa."

Womersley alipokwenda kutafuta choo, wanawake wawili walibaki wamesimama koridoni.

"Umebakiza muda gani?" aliuliza Thwaite.

"Wiki nne."

"Na anayekusainia ni nani?"

"Yeye."

Thwaite alishusha pumzi. "Mwaka wangu wa mafunzo nilikaa nyuma ya bwana mmoja mashuhuri, nikimbebea vitabu. Siku moja alikuwa na hukumu ya kesi ya zamani mkononi iliyokuwa kinyume chetu, na sheria inatutaka tumwonyeshe jaji hata ile inayotuumiza. Hakuonyesha. Nami niliujua ukurasa wake. Nilinyamaza, na mwisho wa mwaka nikapewa kiti changu hapa." Alinyoosha utepe kidoleni. "Sikwambii ili ujisikie vizuri. Mimi nasimamiwa na baraza la mawakili wa mahakamani, na wewe na chama cha mawakili wa ofisini. Siwezi kukuandikia, na barua yangu ya kuripoti itakwenda, uandike au usiandike wewe. Ila yako itakuwa na maana nyingine kama itakwenda ya kwanza."

"Nitaandika," alisema Avril. "Nataka kumwambia kwanza. Sasa hawezi tena kuipoteza."

Alirudi Halifax saa tisa alasiri. Holroyd alikuwa chumbani kwake, chai imepoa mbele yake, na alipomwona usoni hakumwuliza mkutano ulikwendaje. Avril aliiweka nakala mezani, akaweka kidole kwenye namba ya simu.

Mzee aliitazama kwa muda kama mtu anayesoma lugha aliyoisahau.

"Miaka kumi na nane nimebadilisha karatasi hizi mara tatu," alisema hatimaye, "na kila mara wewe ndiye uliyeziagiza."

"Womersley hakupata barua hii, bwana."

"Hapana."

"Na haikuandikwa Februari."

"Funga mlango, Avril."

Alifunga. Holroyd aliinuka, akaenda dirishani, akazungumza akiwa amempa mgongo. Januari ya mwaka 1994, alipokuwa akihamisha tarehe, aliruka mstari mmoja. Mstari tu. Aligundua Septemba, wiki ile ile aliyotoa mhadhara. Alisimama mbele ya vijana arobaini akiwaambia habari ya daftari jekundu, na jina la Womersley limo kichwani mwake.

"Ungemwambia siku ile," alisema Avril, "bima ingemlipa. Ndiyo maana kila ofisi inalazimishwa kuwa nayo. Lingekuwa kosa. Watu hukosea."

"Nilikuwa mwenyekiti."

"Najua."

"Hujui." Aligeuka, na uso wake ulikuwa mwekundu. "Hujui, kwa sababu hujawahi kuwa mtu anayetazamwa. Barua ile nilianza kuiandika nikitaka tu kuona ingesomekaje. Kama ningeiandika kwa wakati wake. Halafu ikawa imeandikwa, na faili liko hapo."

"Uliniacha niende nayo Leeds. Nitakiandikia chama."

Holroyd alirudi kwenye kiti, akafungua droo, akatoa fomu ya Avril, ambayo ilikuwa imekaa humo tangu Agosti ikisubiri tarehe. Alichukua kalamu.

"Ngoja nikusainie hii sasa hivi. Umeistahili, na haihusiani na hayo mengine. Ukishaiandika barua yako, sahihi yangu haitakuwa na thamani."

Avril aliitazama ncha ya kalamu. Miaka saba ya jioni ilikuwa kwenye mstari ule, na viazi vyote vya Trevor. Alijua pia kwamba mtu yeyote atakayeuliza baadaye angeona tarehe mbili, ya fomu na ya barua, zikiwa siku moja, na angejiuliza nini kilinunuliwa kwa nini.

"Hapana, bwana. Siyo leo."

"Usiwe mjinga."

"Siwezi kuipokea leo."

"Basi hutaipata." Alisema hivyo kwa ukali, na sauti ikamkatikia mwishoni. "Mwanamke wa miaka arobaini na tatu. Nani atakuchukua Halifax baada ya hili? Nilikutoa kwenye taipureta nikakufanya mtu."

Avril alihisi maneno yale yakimwingia na kukaa. Alichukua koti lake. Alikuwa amefika mlangoni Holroyd alipozungumza tena, kwa sauti yake ya kila siku, ile ya kufundishia.

"Utakapoandika, usiandike 'nadhani'. Andika ulichokiona, tarehe uliyokiona, basi. Wale watu hawapendi hadithi."

"Ndiyo, bwana," alisema Avril, na akashuka ngazi akilia.

Barua aliipeleka kwa chama cha mawakili, London, Jumatatu. Ilikuwa ya ukurasa mmoja na haikuwa na neno "nadhani". Wiki mbili baadaye watu wa chama walikuja Halifax na masanduku, wakachukua majalada yote, wakaweka karatasi mlangoni kuwaambia wateja waende wapi. Nora wa mapokezi, aliyekuwa ameketi meza moja na Avril miaka kumi na tisa, alifungasha kikombe chake na mmea wake bila kumuaga, na tangu siku hiyo alivuka barabara akimwona. Sokoni muuza jibini alimhudumia kimya. Mwanamke mmoja nyuma yake kwenye foleni alimwambia mwenzake, kwa sauti ya kusikika, kwamba wengine hulishwa wakauma.

"Mwache," alisema Trevor. "Huyo hata mleta barua hamwambii asante."

"Simlaumu. Mama yake alipokuwa anakufa, Holroyd alimwandikia wosia bure. Mimi ndiye niliyeupiga chapa."

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Mji haukuwa umekosea kuhusu Holroyd. Mambo mema waliyoyasema juu yake yalikuwa kweli, na mengine zaidi ambayo hawakuyajua Avril aliyajua.

Ofisi tatu zilimkataa, zote kwa adabu. Moja ilisema haina nafasi, na wiki hiyohiyo ikatangaza nafasi gazetini. Mwezi wa tatu mwaka uliofuata alikwenda Huddersfield kuonana na wakili mmoja aitwaye Beryl Mortimer, aliyekuwa na ofisi juu ya duka la viatu. Bi. Mortimer alisoma karatasi zake, akamtazama juu ya miwani.

"Watu wanasema wewe ni hatari kuwa naye ofisini."

"Nimesikia."

"Nami nikikosea, utanifanyia hivyohivyo?"

"Ukikosea nitakwambia umwambie mteja. Ukimwambia, sitakuwa na la kukiandikia chama."

Bi. Mortimer aligonga kalamu mezani mara mbili tatu. "Anza Jumatatu. Choo kinavuja."

Chama kilimhesabia muda wake wa zamani na kumwongezea miezi saba. Novemba 1996 jina la Avril Crowther liliingia kwenye orodha ya mawakili, naye alikuwa na miaka arobaini na minne. Trevor aliomba ruhusa kazini ili barua yenye cheti aipeleke yeye mwenyewe. Alibisha hodi kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe, amevaa sare, akamwambia mkewe asaini kupokea.

Womersley alipata wakili mpya, na bima ya ofisi ya Holroyd ikamlipa alichostahili kukipata kiwandani. Ilichukua mwaka na nusu. Alimtumia Avril kadi aliyoiandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa kama za mtoto, na ndani hakuandika mengi: kwamba amenunua kibanda cha kufugia njiwa, na kwamba mkebe wa biskuti umejaa, imebidi atafute mwingine.

Baraza la nidhamu lilikaa London majira ya kuchipua ya 1997. Avril aliitwa kama shahidi lakini hakuhojiwa sana, kwa maana Holroyd hakupinga. Alisimama peke yake bila wakili, mtu ambaye alikuwa amesimamia mamia ya watu, na mwenyekiti alipomwuliza kama ana la kusema alijibu kwamba aliyosema mwanafunzi wake ni kweli na kwamba hana cha kuongeza. Walilifuta jina lake kwenye orodha ya mawakili. Ilichukua muda mfupi kuliko kuuza nyumba. Koridoni alipita karibu na Avril akiwa ameshika kofia mkononi, akamwangalia, akaendelea kutembea.

Miaka mitatu ilipita. Bi. Mortimer alikuwa amemfanya Avril mshirika, na jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kioo juu ya duka la viatu. Asubuhi moja ya Machi karani alimwambia kuna mzee na binti yake, hawana miadi, wanataka wosia.

Holroyd alikuwa amepungua. Koti lilikuwa lilelile lakini mabega hayakulijaza. Binti yake, Rosamund, alimshika kiwiko na kumtazama Avril bila upole.

"Baba amesisitiza kuja hapa," alisema. "Mimi ningempeleka kwingine."

"Ketini," alisema Avril. "Rosamund, nitakuomba ukasubiri nje wakati baba yako ananiambia anachotaka. Kwenye wosia utatajwa, bila shaka."

"Mimi ni binti yake."

"Ndiyo maana."

Rosamund alifungua kinywa, lakini Holroyd alimgusa mkono. "Nenda, mama. Ndivyo inavyotakiwa. Angekuacha ubaki ningeondoka mimi."

Mlango ulifungwa. Chini mtu alikuwa akijaribu viatu, akikanyaga sakafu huku na huku.

"Nilikuchukia," alisema Holroyd. "Miaka miwili hivi."

"Nilijua."

"Halafu nikachoka. Inachosha kumchukia mtu kwa kufanya kazi uliyomfundisha." Alitazama mikono yake. "Sisemi umefanya vizuri. Ulinivunja. Kila asubuhi naamka saa moja na sina pa kwenda. Lakini nikajiuliza nani ninayetaka ashike karatasi zangu nikifa, na sikupata jina jingine."

Avril alivuta karatasi tupu, akamwuliza jina lake kamili, umri wake na anwani yake, kama alivyomwuliza kila mteja. Alimwuliza ni tarehe gani leo na nani waziri mkuu, maana alikuwa na zaidi ya miaka sabini na ni lazima ionekane akili yake ni timamu, na Holroyd alijibu yote bila kuudhika. Nyumba kwa Rosamund. Vitabu vya sheria, kama kuna mtu anavitaka, kwa maktaba. Saa ya baba yake kwa mjukuu aliyeko Leeds. Wosia ulikuwa mfupi. Avril alimsomea kwa sauti, naye akasikiliza akiwa amefumba macho, na alipofumbua alisema, "Sawa. Hivyo ndivyo."

Mashahidi wawili waliletwa kutoka duka la viatu. Holroyd alisaini polepole mbele yao, nao wakasaini mbele yake. Avril akamwita Rosamund, akawafungulia mlango, akamshika mzee mkono mpaka ngazi ya mwisho kwa sababu reli ya upande mmoja ilikuwa imelegea. Mtaani kulikuwa na manyunyu. Holroyd alivaa kofia, akasema, "Siku njema, Bi. Crowther," na Rosamund akafungua mwavuli.

Juu, vijana wawili waliokuwa wakinunua nyumba yao ya kwanza walikuwa tayari wamekaa, wakiwa na maswali mengi juu ya paa.